Mlango mkuu wa nyumba yenye wapangaji wengi: maswali tunayoulizwa kila wiki

Karakana yetu iko Mbeya mjini, na kazi zetu nyingi ni milango mikuu ya nyumba za kupanga, hosteli za wanafunzi na majengo ya ghorofa, kuanzia Iyunga na Uyole hadi Makambako, Mafinga na Iringa. Wateja hutupigia simu wakiuliza bei, lakini wakianza kueleza shida yao tunagundua swali la kwanza lilitakiwa kuwa jingine. Tumeandika hapa majibu tunayoyatoa kila mara, pamoja na yale ambayo mteja huwa hafurahii kuyasikia.

Kwani mlango wa nyumba ya wapangaji una tofauti gani na wa nyumba ya familia?

Piga hesabu. Familia ya watu 5, kila mmoja akipita mlangoni mara 6 kwa siku, mlango unafunguliwa mara 30. Nyumba ya vyumba 12 yenye watu 20 inafikisha mara 120 kwa siku, na kwa mwaka inapita mara 43,000. Bawaba iliyotosha kwa familia itakuwa imelika kabla mvua za pili hazijaanza.

Halafu mlango wa familia una mwenyewe. Mtoto akiubamiza, mama anamkemea. Wa wapangaji hauna anayeuonea uchungu: aliyesahau ufunguo anausukuma kwa bega, anayeingiza kitanda anaukwaruza, watoto wanabembea kwenye kishikio, na wa Jumamosi usiku anaupiga teke kwa sababu hakuna aliyeamka kumfungulia. Mwizi anakuja mara moja moja, lakini hawa wapo kila siku. Mlango mgumu ni ule unaowahimili hawa kwanza, ili siku mwizi anapofika akute bado umesimama sawasawa na kitasa kinafunga. Milango mingi tunayoitwa kuitazama baada ya wizi ilikuwa imeshalegea miezi mingi kabla.

Fundi, mlango wangu ni chuma kizito kabisa. Wameung'oaje?

Huenda hawakuung'oa mlango. Waling'oa fremu.

Tuliitwa kwenye hosteli moja asubuhi ya mwezi wa tano. Mlango ulikuwa umelazwa ukutani, mzima, kitasa kikiwa bado kimefunga na ulimi umetoka nje. Fremu yake ilikuwa imening'inia upande mmoja, na chini kulikuwa na rundo la tofali za kuchoma zilizovunjikavunjika na udongo mwekundu. Fundi wa kwanza alikuwa amechomelea vipande vinne vya nondo, vifupi kama kidole, akavipachika kati ya tofali zilizojengwa kwa udongo, juu akapiga plasta ya sementi. Kwa macho ukuta ulikuwa wa sementi. Mtaimbo mmoja na dakika chache vilitosha.

Nyumba nyingi za mikoa yetu zimejengwa kwa tofali za kuchoma, na hazina ubaya. Ubaya ni kuamini kwamba plasta inashika fremu. Tunachofanya sisi ni kubomoa pembeni mwa uwazi, kusuka nondo, na kumwaga nguzo ya zege kila upande, ikiungana na lenta juu. Fremu inakuwa na miguu ya nondo ya milimita 12, angalau minne kila upande, mirefu ya kuzama ndani ya zege hilo na kukunjwa. Nafasi kati ya fremu na ukuta inajazwa zege yote, hasa pale kitasa kinapoingilia. Ukiona fundi anajaza mapengo kwa vipande vya tofali na karatasi za mfuko wa sementi, msimamishe hapo hapo.

Kazi hii ya ukuta inaweza kula siku tatu na mteja haoni kitu kipya cha kuvutia. Tukilazimika kuchagua kati ya mlango wa kifahari kwenye ukuta wa udongo na mlango wa kawaida kwenye nguzo ya zege, tunachagua wa pili bila kusita.

Shiti liwe la unene gani?

Geji 16, yaani milimita 1.5, pande zote mbili, juu ya mifupa ya skwea paipu, yaani mabomba ya chuma ya mraba. Geji 18 (milimita 1.2) tunaitumia milango ya ndani tu. Kwa mlango wa mita 2.1 kwa mita 1, shiti mbili za geji 16 pekee zinakaribia kilo 50. Ongeza mifupa, unafika kama kilo 70. Uzito huo ndio unaokuambia bawaba ziwe tatu au nne, za kuchomelea, zenye sehemu ya kutia grisi. Wengine huomba shiti la milimita 3 wakidhani ndio usalama, halafu bibi anashindwa kuufungua na bawaba zinashuka. Hapana.

Na mlango wa mbao je? Huku kwetu mbao ndiyo nyumbani kwao.

Ni kweli, Sao Hill iko hapo Mafinga. Lakini paina ni mbao laini. Skrubu za bawaba hazikai, na msimu wa mvua mlango unavimba, watu wanaubamiza ili ufunge, mwisho wanauacha wazi. Mninga mkavu ni kitu kingine, tunauheshimu sana, na ukitaka sura ya mbao tunaweza kuweka mninga juu ya mifupa ya chuma. Mbao tupu kwenye mlango mkuu wa watu 20 hatushauri.

Kitasa gani kinafaa?

Hapa ndipo watu hubana pesa mahali pasipotakiwa kubanwa.

Vitasa vingi vya sasa vina silinda, kile kipande unachoingizia ufunguo. Katikati yake pana tundu la skrubu inayokishikilia, na hapo ndipo pembamba kuliko pote. Silinda ikichomoza nje, mwizi anaibana kwa koleo, anaipinda, inakatika kwenye tundu lile lile, na mlango unafunguka bila kelele ya maana. Nenda sasa hivi ukatazame wa kwako. Ukiona silinda imechomoza zaidi ya milimita 3 kutoka kwenye bamba lake, badilisha iwe fupi, au weka bamba nene la chuma linaloizunguka na kufungwa kwa boliti kutoka ndani. Zipo silinda zilizotengenezwa zikatike sehemu ya mbele tu huku ya nyuma ikibaki imefunga, na zenye pini ngumu za kuzuia drili. Kwa nyumba ya wapangaji zinastahili bei yake.

Pili, ulimi mmoja wa katikati hautoshi. Mlango wa mita 2.1 ulioshikwa katikati pekee unapindika juu na chini ukisukumwa. Tunaweka kitasa chenye ndimi tatu, juu, kati na chini, zinazotoka pamoja kwa ufunguo mmoja. Na kule ulimi unakoingia, bamba liwe refu, la milimita 3 au zaidi, lililochomelewa kwenye fremu. Tumekuta kitasa cha gharama kubwa kikiingia kwenye tundu lililotobolewa kwa tindo kwenye bomba la milimita 1.

Tatu ni nakala za funguo. Mpangaji akihama na ufunguo wake, hujui amechonga ngapi. Silinda inabadilika kwa skrubu moja na dakika 5, kitasa kinabaki pale pale. Weka akiba ya silinda mbili, badilisha kila panapotokea kuhama kwa ugomvi. Ipo pia mifumo ambayo ufunguo wa chumba unafungua na mlango mkuu, na mwenye nyumba anakuwa na ufunguo malaya, yaani mmoja unaofungua milango yote. Ni rahisi kwa kila mtu, ila ukipotea ule mmoja, umepoteza nyumba nzima. Usiutembeze kwenye mkungu wa funguo za gari.

Usiku tunafunga kufuli na mnyororo kwa ndani, ufunguo anao baba mwenye nyumba. Hilo si ndilo salama zaidi?

Hapana. Na tunaomba usome jibu hili hata kama utaruka mengine yote.

Mikoa yetu ina baridi. Mwezi wa sita na wa saba watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanawasha hita ya kuazima, wanaunganisha vyombo vitatu kwenye soketi moja. Mita za umeme za LUKU ziko kwenye korido, na korido hiyo hiyo ndiyo njia ya kutokea. Moto ukianza hapo saa 8 usiku, moshi unajaa kabla hujajua umeamshwa na nini. Hutafuti ufunguo kwenye moshi. Humwamshi baba mwenye nyumba aliyelala chumba cha mwisho, au aliyesafiri kwenda Tukuyu msibani. Madirisha nayo yana nondo.

Mlango mkuu wa watu wengi lazima ufunguke kutoka ndani bila ufunguo, kwa mkono mmoja, gizani, na mtoto wa miaka 8. Nje ufunguo, ndani kishikio cha kushusha au cha kuzungusha kwa vidole. Kitasa cha aina hii kinazuia wa nje kwa nguvu ile ile, kwa kuwa kishikio cha ndani hakimsaidii aliye nje. Kwenye hosteli yenye wanafunzi wengi tunaweka fito ya kusukuma iliyolala kuvuka mlango: mwili ukiiegemea, ndimi zote zinarudi.

Tumewahi kukataa kazi kwa sababu hii. Mteja alitaka komeo la ndani lenye kufuli ili wanafunzi wa kike wasitoke usiku. Tulimwambia nia yake tunaielewa, lakini hatutachomelea komeo hilo. Alikasirika na kwenda kwa fundi mwingine. Hadi leo tukipita barabara ile tunatazama mlango ule.

Namba ya Zimamoto ni 114. Iandike kwa rangi upande wa ndani wa mlango, kwenye usawa wa macho.

Vipi kuhusu kitasa cha umeme, kile cha sumaku?

Kinafaa, ukijua kinavyofanya kazi. Sumaku inashika mlango muda wote umeme upo, nyingi kwa nguvu ya kilo 280 au zaidi. Umeme ukikatika, inaachia. Kwa anayekimbia moto hiyo ni neema, kwa usalama wa usiku wa giza ni janga, maana mwizi naye anaona mtaa mzima umezimika.

Betri inasaidia kwa kiasi. Sumaku ndogo inakula kama nusu ampia kwenye volti 12. Betri ya ampia-saa 7 kwa hesabu ya karatasi inakupa saa 14, na ikishazeeka unapata pungufu sana ya hapo. Kwa hiyo nyumba za huku tunapendelea kitasa cha umeme cha aina nyingine: umeme ukikatika kinabaki kimefunga kwa nje, ufunguo wa kawaida unakifungua, na kishikio cha ndani kinafanya kazi bila umeme wowote. Muulize anayekuuzia swali moja tu, "Umeme ukikatika, nje inakuwaje na ndani inakuwaje?" Akibabaika, usinunue.

Paneli ya kengele ya nje nayo iwe ya chuma, iliyozamishwa ukutani, skrubu zisizofunguka kwa bisibisi ya kawaida. Ukiona imeandikwa IK10, maana yake imepimwa kuhimili pigo la juli 20, sawa na chuma cha kilo 5 kikidondoka kutoka sentimita 40. IP65 inahusu vumbi na maji ya kurusha. Kwa mvua za Rungwe, usishuke chini ya hapo.

Kadi au alama ya kidole, ipi bora?

Kadi. Vidole vya mtu anayebeba viazi au kuchanganya zege vimesuguliwa, na asubuhi ya baridi ngozi ni kavu, kifaa kinamkataa anajaribu mara sita, mwisho anagonga mlango kwa ngumi. Pia alama za vidole ni taarifa binafsi, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usizikusanye kama huna pa kuzitunza. Kadi nazo si zote sawa: za bei ya chini, zile za kilohezi 125, hunakiliwa kwa kifaa kidogo cha mkononi. Omba za megahezi 13.56 zenye usimbaji, yaani zinazoficha taarifa zake zisinakiliwe kirahisi. Raha ya kadi ni kwamba ikipotea unaifuta, hubadilishi kitu.

Mlango wangu una mkono wa kujifungia, lakini asubuhi haufungi na mchana unabamiza. Umerogwa?

Una mafuta. Ndani ya mkono ule mna mafuta yanayopita kwenye matundu madogo. Alfajiri ya mwezi wa saba, Mbeya nyuzi zikiwa chini ya 10, mafuta yanakuwa mazito na mlango unakwenda polepole. Njombe na Makete, kwenye barafu ya alfajiri, ni zaidi. Jua likipanda yanalainika, unakimbia. Ubavuni pana skrubu mbili: moja ni ya mwendo wote, nyingine ni ya zile sentimita za mwisho, pale ulimi unapoingia. Zungusha robo tu ya mzunguko, jaribu, zungusha tena. Ukiifungua mpaka mafuta yakatoka, mkono umekufa, na hakuna wa kuujaza.

Weka mkono unaolingana na uzito. Mlango wa kilo 70 na upana wa mita 1 unahitaji saizi 4. Madukani wengi wanauza saizi 3 kwa kila kitu. Sehemu za upepo kama Makambako omba wenye breki ya kufungukia, inayouzuia mlango usifunguke kwa kishindo, kisha ongeza kizuizi cha chini kilichozamishwa kwenye zege, la sivyo upepo utang'oa mkono na skrubu zake.

Tunalisisitiza hili kwa sababu mlango usiojifunga wenyewe ni sawa na hakuna mlango. Jiwe la kuuzuia usifunge, lile linalokaa pembeni ya kila mlango wa wapangaji, ndilo rafiki mkubwa wa mwizi. Ukiliona, usimkemee mtu kwanza. Jiulize kwa nini wameliweka. Mara nyingi mlango ni mzito mno, au funguo hazitoshi, au kengele haisikiki chumba cha nyuma. Rekebisha hilo, jiwe litaondoka lenyewe.

Naweza kuweka kioo?

Weka, na tunakuhimiza. Kidirisha cha kuonea kinamwezesha mama kuona ni nani kabla hajafungua, na taa ya korido inamulika nje. Kiwe chembamba, upana usiozidi sentimita 15, na kikae mbali na kishikio cha ndani, mkono ukipita usikifikie. Aina ya kioo fikiria gari: kioo cha mbele kikipigwa kinapasuka lakini kinabaki kimeshikana kwa sababu ni vioo viwili vyenye utando katikati. Cha pembeni kinamwagika chote kama chumvi. Unachotaka ni cha mbele. Kipachikwe kwa vibanio vya upande wa ndani.

Ufungukie ndani au nje?

Nje, kama nafasi ipo na hauzibi njia ya watu. Teke linausukuma kwenye fremu badala ya kuukimbiza, na watu wengi wakikurupuka hawajibani wenyewe. Bawaba zitakuwa nje, kwa hiyo tunachomelea pini imara upande wa bawaba ambazo mlango ukifungwa zinazama kwenye fremu. Hata wakikata bawaba kwa grainda, mlango hautoki.

Kutu inaanzia chini kila mara. Kwa nini?

Kwa sababu ya dekio. Kila asubuhi korido inapigwa deki, maji ya sabuni yanasukumwa nje kupitia mlangoni, mengine yanaingia kwenye bomba la chini la fremu na hayana pa kutokea. Mwaka jana tulikagua fremu iliyopakwa rangi mpya ya kijivu, inang'aa. Tukabonyeza bisibisi sentimita 5 kutoka sakafuni. Ilizama kama kwenye parachichi lililoiva.

Dawa yake ni kutoboa tundu la milimita 8 chini ya kila bomba, kuacha mlango sentimita 1 juu ya sakafu, na kumaliza fremu juu ya kitako cha zege badala ya kuizamisha kwenye sakafu. Rangi: suuza mafuta, sugua, piga mikono miwili ya rangi ya kuzuia kutu, ndipo ya juu. Chuma chenye zinki ni bora, ila kila mahali palipochomelewa zinki imeungua, parudiwe kwa rangi ya zinki. Rangi ya nje iwe ya kung'aa, maana maandishi ya kalamu na gundi ya matangazo vinafutika kirahisi. Usifute kwa petroli, inalainisha rangi. Na mikwaruzo ya msumari ipakwe wiki hiyo hiyo. Mlango wenye maandishi yaliyoachwa huwaita wengine waandike.

Muuzaji ameniambia mlango wake ni wa kiwango cha Ulaya. Nimwamini?

Muulize ni daraja gani. Kiwango cha EN 1627 kina madaraja ya RC1 hadi RC6. RC2 unahimili dakika 3 za mtu mwenye zana ndogo kama bisibisi na koleo, RC3 dakika 5 na mtaimbo unaongezwa, RC4 dakika 10. Ni dakika, si saa. Na kinachopimwa ni mlango pamoja na fremu, kitasa na kioo chake, si shiti peke yake. Cheti kitaje vyote, tena ufungwe kama maelekezo yanavyosema. Milango ya karakana yetu haijapimwa maabara, na hatudai imepimwa. Tunafuata mantiki ile ile: kila dakika ya kelele ni nafasi ya jirani kuamka na kupiga 112.

Nani alipe ukivunjwa?

Andikeni kwenye mkataba kabla ya kuvunjwa. Sisi tunaona mwenye nyumba alipe uchakavu na wizi, na aliyevunja kwa mkono wake alipe alichovunja. Kuwatoza wote kwa kosa la mmoja kunaleta chuki, na chuki inarudi mlangoni. Piga picha kabla ya kugusa chochote, mwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, chukua RB (namba ya taarifa yako) polisi, ndipo fundi aanze.

Matunzo je?

Grisi kwenye bawaba kila miezi mitatu. Kaza skrubu za mkono. Ndani ya silinda usitie oili chafu wala ya kupikia, inashika vumbi na kugeuka tope. Kwaruza unga wa penseli, upulize ndani, ingiza ufunguo mara kadhaa.

Nije na nini ili mnipe bei ya kweli?

Upana na urefu wa uwazi, kila kimoja kipimwe sehemu tatu, maana kuta zetu mara nyingi hazinyooki. Unene wa ukuta. Picha ya pembeni baada ya kubandua plasta kiasi cha kiganja, tuone kama ndani ni sementi au udongo. Idadi ya watu wanaolala humo, wakiwemo wazee, wenye ulemavu na watoto, kwa sababu ya uzito wa mlango na kimo cha kizingiti. Na utuambie kama kuna mlango mwingine wa kutokea nyuma. Kama haupo, tutaanza kuzungumzia huo.